Kioo Kijae, Uso Upotee

Vijana mnaoanza ufundi wa televisheni, na hata nyinyi msio mafundi ila rimoti haikai mbali na mikono yenu, naomba mnisikilize. Mimi nilimnyima mtoto uso wa baba yake kwa miaka kumi na miwili. Sikuiba picha wala sikuivunja. Nilibonyeza kitufe kimoja, nikanywa chai niliyoandaliwa, nikashukuriwa, nikaondoka.

Jambo hili nimelijua msimu huu wa ufuta, nikiwa nimeshaacha kazi. Mshtuko wake haujanitoka. Nikiwa nakula nasimamisha tonge, nikisali nakosea rakaa. Ndiyo maana nimeamua kuandika, ijapokuwa elimu yangu ni ya kidato cha nne na mkono wangu ulizoea bisibisi kuliko kalamu.

Kazi nilifundishwa Nachingwea na Mzee Nampoto, ambaye kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko. Wakati ule televisheni zote zilikuwa za chogo, nzito kama gunia la korosho mbichi. Ndani, nyuma ya chogo, kulikuwa na vidude vidogo vya kuzungusha kwa bisibisi nyembamba ya plastiki. Kimoja kinarefusha picha, kingine kinaitanua. Ukizidisha cha kwanza watu wanakuwa kama nguzo za umeme. Ukizidisha cha pili wanakuwa kama mitungi.

Siku moja Mzee Nampoto aliniachia televisheni ya mwalimu mmoja niimalize peke yangu. Nikawasha, akatokea mtangazaji wa kike. Nikamwona mwembamba mno, nikasema hapa picha imebanwa. Nikazungusha kidude mpaka mashavu yakajaa, nikaridhika. Kesho yake mwalimu akarudi.

"Fundi, huyu dada juzi alikuwa mwembamba. Jana usiku amesoma habari ana mimba ya miezi saba. Umemfanya nini?"

Mzee Nampoto alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanivuta sikio, nami mtu mzima mwenye ndevu.

"Issa, uso wa mtu si kipimo. Watu Mungu amewaumba kwa namna zote. Subiri ile saa inayotokea kabla ya habari. Saa ni duara. Duara likiwa duara, picha imekaa. Ukimaliza duara, tazama pembe nne. Kilichoko pembeni nacho kimepigwa picha."

Duara kwanza, pembe baadaye. Ndilo lilikuwa somo lote. Mimi nikashika nusu. Duara nililibeba maisha yangu yote, hata kwenye nyumba isiyo na saa nilitafuta mpira, sahani au gurudumu la baiskeli ndani ya picha. Pembe nilizisahau, kwa sababu chogo zilikuwa na kawaida ya kuficha kidogo ukingoni na hakuna mteja aliyelalamika. Kitu ambacho hakilalamikiwi fundi hukiacha. Hilo ni kosa langu, si la Mzee Nampoto, Mungu amrehemu.

Halafu zikaja televisheni bapa, pana kama mlango uliolazwa. Ya kwanza niliifunga Nachingwea kwa Mzee Likapa, mnunuzi wa korosho, mtu wa sauti kubwa. Nikawasha. Picha ikakaa katikati, kulia mstari mweusi, kushoto mstari mweusi. Sebule ilikuwa imejaa majirani.

"Fundi, hayo meusi ni nini?"

"Ndivyo picha yenyewe ilivyo, mzee."

"Ndivyo ilivyo? Nimenunua kioo chote hiki, unanionyesha katikati tu! Na hizo pembeni unamwonyesha nani? Shetani?"

Watu wakavunjika mbavu. Mkewe akaleta kamba, akapima ule weusi, akaifunga fundo ili aende nayo dukani wakarekebishe.

Sasa niwaeleze, maana wengi wenu mnabonyeza bila kujua. Picha za zamani zilikuwa na umbo la nne kwa tatu: upana sehemu nne, urefu wa kwenda juu sehemu tatu. Kioo kipya ni kumi na sita kwa tisa, kipana zaidi. Kuweka picha ya zamani ndani ya kioo kipya ni kama kutandika mkeka mfupi kwenye chumba kirefu, sakafu lazima ionekane pande mbili. Ule weusi ni sakafu, haujaharibika. Ukiukataa una njia mbili. Ya kwanza ni kuivuta picha kulia na kushoto mpaka ijaze. Hapo hakuna kinachopotea, ila kila mtu ananenepa. Ya pili ni kuikuza picha yote mpaka pembeni zifike. Hapo watu wanabaki na maumbo yao, lakini juu na chini picha inamwagika nje ya kioo, kama uji uliozidi sufuria. Kila televisheni ina majina yake ya njia hizi, msiyakariri. Tazameni kwa macho.

Kwa Mzee Likapa nilianza na ile ya kuvuta. Mpira wa miguu ukawa yai. Jirani mmoja akasema, "Kipa amekuwa mpana namna hii, ndiyo maana leo hatufungwi." Nikaona aibu. Nikabonyeza tena, ikaja ile ya kukuza. Mpira ukarudi kuwa duara, kioo kimejaa, weusi hakuna. Moyoni nikasema, duara limekaa, Mzee Nampoto angenisifu. Sikujiuliza kitu gani kimemwagika.

Tangu siku hiyo nikawa fundi wa kioo kijae. Naipingo waliniita, Mbwemkuru waliniita. Nilibebwa kwenye bodaboda na mkoba wangu, nikifika naulizwa, "Wewe ndiye yule anayejaza?" Najibu, "Ndiye." Nabonyeza, watu wanapiga makofi kama nimefufua mtu.

Naipingo mzee mmoja alinifuata nje nikiwa naaga. Akaniambia kwa unyenyekevu kwamba yale maandishi yanayopita chini siku hizi yamekatika, anaona vichwa vya herufi tu. Nikamjibu kwa kujigamba, "Maandishi ni ya wasiosikia, mzee. Wewe sikiliza." Akatega sikio, akaniomba nirudie. Nikarudia kwa kupayuka. Akaitikia, "Samahani, fundi," akarudi ndani. Masikio yake yalikuwa mazito, na mimi nilikuwa nimeshapanda bodaboda kabla akili haijanifika. Sikurudi. Andikeni hilo nalo kwenye hesabu yangu.

Sasa nifike Nkowe.

Pale alikuwepo Shaibu, mkulima wa korosho, kijana mpole. Yeye na mkewe walikaa miaka tisa bila mtoto. Alipozaliwa binti, Shaibu alichinja mbuzi wawili kwa ajili ya akika. Siku ya akika ninyi mnaijua: mikeka inatandikwa uwanjani, wanaume wanakaa chini kusoma dua, na mtoto analetwa katikati anyolewe nywele. Wenye shughuli yao hawakai kwenye viti. Viti ni vya wageni wa mbali na wazee wenye magoti mabovu. Baba wa mtoto anakaa mkekani na wenzake.

Aliyepiga picha za video alikuwa Hamisi wa Ruangwa, ambaye watu walimwita Hamisi Kamera. Alikuwa peke yake kwa kazi hiyo upande wetu na alijivunia. Alisimamisha kamera yake barazani juu ya miguu mitatu, akachukua uwanja wote.

Wiki tatu baada ya akika Shaibu alishikwa na homa kali. Aliugua siku nne akafariki. CD ya akika ilikuwa bado haijatengenezwa. Hamisi aliileta baada ya arobaini, akaikabidhi kwa mjomba wa mtoto. Nyumbani kulikuwa na televisheni bapa ambayo Shaibu aliinunua kabla ya akika, bado iko ndani ya boksi lake. Wakaniita niifunge pamoja na deki.

Mama wa mtoto tunamwita Mama Rehema. Alikaa chini mbele ya kioo, mtoto mapajani, ndugu wamemzunguka. Wote tulijua anachokisubiri. Shaibu hakuwahi kupiga picha studio. Iliyokuwepo ni ile ndogo ya kitambulisho, nayo ililowa paa lilipovuja, pamebaki kama wingu jeupe lenye masikio.

Nikaweka CD. Uwanja ukatokea, watoto wanakimbia, sinia kubwa la ubani limewekwa mkekani. Na pembeni weusi, kulia na kushoto.

"Fundi, jaza kioo!" mjomba akasema. "Tumwone ndugu yetu vizuri."

Nikabonyeza. Nikalitafuta duara, nikalitazama sinia. Sinia lilikuwa duara safi. Nikarudi nyuma hatua mbili nikiwa nimekunja mikono, fundi aliyemaliza kazi.

Ikasikika sauti ya Shaibu. Karibu kabisa na kamera, wazi kama yuko chumbani. "Nimemwita Rehema, kwa sababu tulikwisha kata tamaa." Na pale chini ya kioo tukaona kofia. Kofia nyeupe iliyodariziwa, nusu yake, ikiinama kidogo. Uso hapana. Waliosimama nyuma wote walionekana, hata wapita njia, hata mbuzi wa jirani. Kwa mwenye shughuli tulipata kofia tu.

Mama Rehema akageuka. "Uso wake uko wapi?"

Vijana, hapa ndipo. Ningeweza kusema, subiri shemeji, ngoja nibonyeze tena tuone. Sekunde mbili tu. Lakini chumba kizima kilikuwa kinanitazama, na fundi akitazamwa hutafuta mkosaji mwingine.

"Mpiga picha ameielekeza kamera juu mno," nikasema. "Mashine haina kosa, shemeji. Amemkata."

Alilia kilio ambacho hata arobaini haikukisikia. Wiki ile ile alikwenda Ruangwa na kaka zake wawili, akamkabili Hamisi sokoni mbele za watu. "Umempiga mbuzi, ukamwacha mume wangu! Ulikuwa unaangalia sahani ya pilau?" Hamisi aliapa kwamba alimchukua mzima, lakini mkanda wake alikuwa ameshaurekodia shughuli nyingine, nakala imebaki ile moja ya Nkowe. Nani amwamini? Fundi alikwisha sema. Harusi zikaanza kumkwepa. Maneno yakawa, "Usimwite yule, atakutoa kofia tupu." Baada ya misimu miwili aliuza kamera.

Alikuja kwangu kabla hajaiuza. Alisimama mlangoni, hakukubali kiti.

"Kaka Issa, nakuomba neno moja. Nenda Nkowe ukaiangalie tena. Nilimpiga mzima."

"Hamisi, kazi yangu sijifunzi kwako."

"Sikufundishi. Nakuomba uangalie."

"Nimeshaangalia. Sinia lilikuwa duara."

Hakunielewa, na sikumfafanulia. Akaondoka. 

Mtauliza, miaka yote hiyo hakuna aliyegusa kitufe? Rimoti ilikanyagwa na mbuzi mwaka ule ule, na vitufe vya pembeni vya televisheni ile ni vya sauti na stesheni tu. CD nayo Mama Rehema hakuiruhusu itoke nje ya nyumba isije ikachubuka. Kwa hiyo picha ilibaki vile nilivyoiacha. Rehema akakua. Siku za Idi aliwekewa CD, akamsikia baba yake, akamwona kofia. Nimeambiwa alipokuwa mdogo aliweka kiganja chake kwenye kioo, chini kidogo ya ile kofia, pale ambapo shavu lingekuwa.

Msimu huu wa ufuta nilikwenda Nkowe kusalimia wakwe. Nimeacha kazi, macho yana ukungu na mkono wa kulia unatetemeka. Mama Rehema alinikuta njiani.

"Shemeji fundi, kaka yangu ameniletea rimoti mpya kutoka Nachingwea, haikubali. Hebu nitazamie."

Rimoti hizi za kuungia, zinazotumika kwa televisheni na deki za kila aina, mnazijua. Unashikilia kitufe cha kuweka, unajaribu namba moja baada ya nyingine mpaka televisheni ikubali. Ilikubali ya nne. Kanuni yangu ni kujaribu kila kitufe kabla sijaaga, maana kimoja kisipofanya kazi utaitwa tena kesho. Mama Rehema akasema, "Ngoja niweke CD, uone kama na sauti inapanda." Ilikuwa kama saa nne asubuhi. Rehema alikuwa shuleni. Mama yake akachukua ungo wake wa ufuta, akakaa mlangoni kupepeta.

Kofia ikatokea. Nikapandisha sauti, sawa. Nikashusha, sawa. Nikabonyeza cha rangi, sawa. Nikabonyeza cha umbo la picha.

Weusi ukaja kulia na kushoto. Picha ikasinyaa. Na chini ya kofia kukatoka paji la uso. Nyusi. Macho. Pua. Masharubu machache ya kijana. Shingo, kanzu, na mikono miwili iliyobeba kitu.

 Nilikuwa namfahamu Shaibu. Alikuwa ananitazama, au niliona hivyo.

Ungo ulinyamaza. Mama Rehema alikuwa ameuweka chini taratibu, bila kumwaga hata punje.

"Rudisha," akasema.

Nikabonyeza. Uso ukazama, ikabaki kofia.

"Leta."

Nikabonyeza. Uso ukarudi.

"Alikuwa humo?"

"Alikuwa humo, shemeji."

"Siku zote?"

"Siku zote."

"Ulijua?"

"Wallahi sikujua."

"Ulipaswa kujua. Wewe si ndiye fundi?"



Wakati ule ule CD ikaanza kukwama. Picha ikavunjika vipande, sauti ikagugumia. Ilikuwa kuukuu, imechakaa kwa Idi nyingi. Nikaitoa nikaona mikwaruzo imeizunguka. Nikamwambia ukweli, kwa mara ya kwanza katika nyumba ile: "Inaweza kucheza mara moja tu. Inaweza isicheze kabisa."

Mama Rehema aliipokea CD kwa mikono miwili. Nilitegemea anifukuze, na ningeshukuru.

"Rehema anatoka shule saa tisa," akasema. "Haitachezwa mpaka afike. Na haitachezwa mpaka Hamisi awe amekaa hapa. Nenda ukamlete. Wewe, kwa miguu yako."

Nilikwenda kwa bodaboda, lakini alichokitaka nilikielewa. Hamisi siku hizi anatengeneza pampu za kupulizia mikorosho, karibu na stendi ya Ruangwa. Nilimkuta ameinamia injini, mikono myeusi, unga wa salfa umemkaa kwenye nywele.

"Hamisi, ulimpiga mzima."

Hakuinua kichwa. "Umepanda pikipiki kutoka Nkowe kuja kuniambia ninachokijua?"

"Nimekuja kuomba radhi. Ni mimi niliyemkata. Nilibonyeza kitufe."

"Kitufe." Akaweka spana chini. "Kaka Issa, mama yangu amekufa akiniuliza, mwanangu, hivi kweli ulikuwa unaangalia pilau? Kitufe!"

Vijana wanaomsaidia waliacha pampu wakatugeukia. Nilisimama juani, mzee mzima, sina pa kuweka mikono. Hamisi akaifuta yake kwa kitambaa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Unajua kwa nini alikuwa chini vile, karibu na kamera?" akasema. "Aliniuliza mwenyewe. Kaka Hamisi, nikae wapi, mtoto akikua anione vizuri? Nikamwambia kaa hapa, mbele. Mimi ndiye niliyemsogeza. Kila usiku najiuliza, ningemwacha nyuma na wenzake, si angeonekana?"

Nikamwambia kwamba Mama Rehema hataki CD ichezwe mpaka yeye awe amekaa pale.

"Nakuja," akasema. "Lakini usifikiri ni kwa ajili yako."

"Najua."

"Na nyuma ya pikipiki unakaa wewe."

Tulipofika, Mama Rehema alikuwa ametandika mkeka mpya. Alisimama mbele ya Hamisi, akataka kupiga magoti, Hamisi akamshika mikono kabla hajafika chini. "Usifanye hivyo, dada. Hata ningekuwa mimi ningetukana." Wakabaki wameshikana mikono hivyo. Mimi nilijishughulisha na CD. Kwa faida yenu: CD haifutwi kwa kuzungusha. Chukua kitambaa laini cha pamba, kilowe maji kidogo, futa kutoka katikati kwenda nje, mstari mmoja mmoja, kama unavyochana nywele za mtoto. Nilifuta kwa nusu saa. Hamisi alinishikia kiwiko cha ule mkono wangu wa kulia.

Saa tisa na robo Rehema akaingia na sare zake, miguu imejaa vumbi jekundu. Ni msichana mrefu, wa darasa la sita.

"Shikamooni."

"Marahaba. Kaa hapa, mwanangu," mama yake akasema. "Babu fundi ametengeneza kitu."

"Si Idi leo."

"Kaa tu."

Nikaweka CD. Deki ilisaga, ikatafuta, ikasaga tena.  Uwanja ukatokea na weusi wake kulia na kushoto, na safari hii niliupenda ule weusi kama nilivyowahi kupenda kitu chochote. Watoto wakakimbia. Sinia la ubani. Kisha akaonekana, mzima, kuanzia kofia mpaka magoti, amekaa mkekani mbele ya watu wote.

Rehema alitazama. Tulimtazama yeye.

"Nani huyo?"

"Baba yako," mama yake akasema.

"Siye."

"Ndiye, mwanangu."

"Siye. Baba hana masharubu. Huyo simjui." Sauti ilianza kukatika. "Babu, rudisha ilivyokuwa. Rudisha baba."

Sijawahi kupigwa namna ile. Miaka kumi na miwili alikuwa amejitengenezea uso mwenyewe, chini ya kioo, na sasa mimi niliyeuficha wa kweli nimekuja kumnyang'anya na ule wa kwake. Kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe. Hamisi ndiye aliyesema, polepole, "Sikiliza sauti, binti. Mimi ndiye niliyempiga picha. Sikiliza kwanza."

"Nimemwita Rehema," Shaibu akasema, na midomo ikacheza na maneno, "kwa sababu tulikwisha kata tamaa."

Rehema alisogea kwa magoti mpaka karibu na kioo. Hakutazama uso. Alitazama mikono.

"Ameshika nini?"

"Wewe," mama yake akasema. "Ndiyo kwanza umenyolewa."

Kule kwenye picha kichwa kiliinama kidogo, kofia ikashuka, kama tulivyozoea kuiona ikishuka.

"Mimi nilidhani anainama kwa sababu hakutaka mtoto wa kike," Rehema akasema.

Mama yake alishtuka kama aliyeungua. "Nani amekuambia maneno hayo?"

"Hakuna. Niliona mwenyewe. Kila Idi anasema jina langu halafu anainamisha kichwa." Akaweka kidole kwenye kioo, juu ya kile kichwa kidogo kilichonyolewa. "Kumbe alikuwa ananitazama."

 Shaibu akainua uso, akageukia kamera, akaanza kutabasamu, na hapo CD ikakwama. Deki ikasaga. Picha ikaganda, macho yanatuangalia, tabasamu limefika nusu.

Hiyo ilikuwa kazi yangu. Miaka zaidi ya thelathini, kitu kikikwama, mkono wangu huenda wenyewe. Nikainua rimoti niisukume mbele.

"Babu," Rehema akasema bila kugeuka, "weka chini hiyo. Usiguse kitu."

Nikaiweka mkekani, nikakunja mikono yangu, nikakaa.